Mzazi Afike Shuleni Bila Kukosa

Jumapili, 25 Agosti

Kwa miaka kumi na minane nimeandika kitabu cha matukio cha shule: nani kachelewa, nani kapigana, nani kavunja dirisha. Ndiyo kazi ya naibu wa mwalimu mkuu, na mkono umeshazoea. Kwa hiyo leo, siku ya pili tangu tutue London, nimejinunulia daftari. Nitaandika muhula huu mmoja tu.

Waliopo: mimi, Kamande. Mke wangu Mumbi, muuguzi, aliyetutangulia huku miezi kumi na minne iliyopita. Binti yetu Wangeci, miaka tisa, ambaye tangu jana hajauachia mkono wa mama yake, hata wakati wa kunywa chai. Makao: vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Bi. Bhanu, Rayners Lane.

Bi. Bhanu ni Mhindi aliyezaliwa Nyeri, baba yake akiwa na duka la vitambaa, akaja huku akiwa na miaka kumi na saba. Alifurahi mno kusikia sisi ni watu wa Karatina. Furaha ilidumu mpaka nilipotupa takataka.

"Mwalimu! Hii pipa ya bluu iko ya karatasi. Wewe natia ganda ya ndizi, mimi napata barua ya faini!"

Sasa mapatano yetu, mimi na Mumbi. Nayaandika yasije yakabadilika mdomoni. Tunajaribu mpaka Krismasi. Mwajiri wangu amenipa likizo ya muhula mmoja bila malipo, na nafasi yangu inanisubiri hadi Januari. Mtoto akiyazoea maisha ya huku, naiacha kazi na tunabaki sote watatu. Asipoyazoea, narudi naye nyumbani, na Mumbi anabaki peke yake kumaliza mkataba wake, karibu miaka miwili mingine. Tuliyamaliza hayo jikoni jana, Wangeci akiwa amelala kwenye kochi chumba cha pili.

Mumbi alisema, "Kwa hivyo ni yeye ataamua."

Nikasema, "Ni yeye." Nikaona ni busara.

Jumatano, 28 Agosti

Mvua. Agosti, mvua.

Ijumaa, 30 Agosti

Nimeanza kuupima mji huu. Maji hayakatiki. Umeme haujapotea hata mara moja, nami bado natembea na tochi mfukoni. Basi likisema linakuja baada ya dakika nne, linakuja baada ya dakika nne, jambo ambalo linanitia wasiwasi kidogo. Unga wa ugali upo duka la karibu na stesheni. Sukuma wiki huuzwa ikiwa imekatwakatwa tayari, pamoja na vijiti vyake, kana kwamba aliyeikata alikuwa na hasira nayo.

Upande wa pili: nimewasalimu watu kumi na mmoja leo barabarani. Wawili waliitika. Mmoja alivuka upande wa pili.

Alhamisi, 12 Septemba

Nafasi ya shule imepatikana, mwendo wa dakika tisa kwa miguu. Mumbi alipiga magoti papo hapo, sare ya kazi mwilini.

Jumatatu, 16 Septemba

Siku ya kwanza. Wangeci alikaza mkanda wa begi kifuani kama askari, hakulia. Mwalimu wake alisimama mlangoni akiwapokea mmoja mmoja. Ni mama wa makamo, mwenye nywele fupi nyekundu, na watoto wanamwita Bridget. Bridget tu! Katika shule yangu mtoto akiniita Kamande, hata mlinzi atatoka mbio kuja kuona.

Alasiri saa tisa na robo nilikuwa langoni. Wazazi wengine walisimama kwa vikundi, wakicheka. Mimi nilisimama kwenye uzio nikisoma tangazo la choo kipya, mara mbili.

"Ilikuwaje?"

"Sawa."

Siku nzima, neno moja.

Alhamisi, 19 Septemba

"Sawa."

Jumatatu, 23 Septemba

Leo maneno mengi! Amepata rafiki. Anaitwa Lorraine, ana nywele ndefu za kusuka, na walicheza pamoja mapumziko yote mawili. Mumbi aliposikia alimshika Wangeci mikono, wakazunguka jikoni wakicheza mpaka Bi. Bhanu akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

"Iko kelele gani huko juu?"

"Mtoto amepata rafiki, Mama!"

Fimbo ikaacha kugonga. Kisha, "Basi, dakika mbili."

Ijumaa, 27 Septemba

Lorraine ana mbwa mwenye miguu mitatu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kila siku namwuliza Wangeci habari za Lorraine kabla hata ya kuuliza habari za masomo. Lorraine ana kaka anayeimba kanisani. Lorraine hapendi karoti. Lorraine alimpa nusu ya keki. Mumbi akirudi kutoka zamu swali lake la kwanza ni hilo hilo, hata kabla hajavua viatu: "Lorraine anasemaje leo?" Nasi wawili tunatazamana juu ya kichwa cha mtoto, na naona mabega ya Mumbi yakishuka. Aliishi miezi kumi na minne katika chumba kimoja kule Tottenham, akila chakula akiwa amesimama. Hajaniambia hilo. Nililitambua mwenyewe, maana mpaka leo akila peke yake husimama.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilitaka kumwona huyu Lorraine langoni nimshukuru mama yake. Wangeci anasema huchukuliwa mapema na nyanya yake. Basi, siku nyingine.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimeanza kibarua: uwanja wa mpira wa Wembley, siku za mechi. Nimevalishwa koti la manjano na kazi yangu ni kuwaonyesha watu viti vyao. Naibu wa mwalimu mkuu ni naibu popote. Nilipanga watu mstari safi mpaka msimamizi wangu Imran akaniuliza kama niliwahi kuwa polisi. Mzee mmoja aliyelewa alinikumbatia kwa kumwonyesha choo. Ndiye mtu wa kwanza wa London kunikumbatia nje ya nyumba yangu.

Mumbi aliniuliza kama naendelea vizuri. Nikamwambia niko sawa. Ni kweli kwa kiasi.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimependekeza tumwalike Lorraine aje kula mandazi wakati wa likizo ya wiki ijayo. Wangeci aliinama kufunga kamba za viatu, akasema Lorraine anasafiri.

Jumapili, 27 Oktoba

Serikali imerudisha saa nyuma. Giza linaingia saa kumi na moja kasorobo. Collins, mwalimu mwenzangu kule Karatina anayenishikia nafasi, alipiga simu kuuliza kama Januari narudi. Nilimwambia mambo yanaelekea kuzuri, mtoto ana rafiki wa kufa na kuzikana. Akacheka. "Sasa mimi nianze kukaa kwenye kile kiti chako bila wasiwasi?" Nilisema angoje kidogo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jumatatu, 4 Novemba

Diwali ilikuwa mwisho wa wiki, na Bi. Bhanu alitujazia sinia nzima: chevda, ule mchanganyiko mkavu wa viazi na viungo, peremende za maziwa, vitu vya njugu. Leo nimemfungia Wangeci kijaluba cha chevda ampelekee Lorraine. Kimerudi kitupu. "Amependa sana," alisema.

Alhamisi, 7 Novemba

Baridi ya kuingia kwenye mifupa. Bi. Bhanu sasa anakagua kama madirisha yamefungwa badala ya kukagua mapipa.

Ijumaa, 8 Novemba

Ujumbe umeingia kwenye simu kutoka shuleni. Naunakili:

"Mzazi wa Wangeci, mwalimu wake angependa kukuona Alhamisi tarehe 14, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, kwa dakika kumi, kuzungumzia maendeleo yake."

Nimeusoma mara tano. Asiyewahi kufundisha kwetu hawezi kujua uzito wake. Ndiyo, tunayo Siku ya Wazazi, wote wanakaa chini ya hema wakisikiliza hotuba. Lakini mzazi mmoja, kwa jina la mtoto wake, kwa saa yake na dakika zake? Huyo ana kesi. Mtoto akifanya vizuri tunamwacha aendelee kufanya vizuri. Mzazi akiitwa, kuna kioo kimevunjika, au kuna ngumi, au kuna kitu kimepotea dawatini. Mimi mwenyewe nimeziandika barua hizo kwa mamia. "Mzazi afike shuleni bila kukosa." Na "maendeleo"! Neno hilo nililitumia mimi, hasa nilipotaka mzazi asiogope akakosa kuja.

Nilimwonyesha Mumbi aliporudi. Aliketi na koti lake.

"Ati nini? Amefanya nini?"

"Sijui."

"Dakika kumi, Kamande. Kumi! Daktari mwenyewe hampi mgonjwa dakika kumi. Ni jambo kubwa hili."

"Usimwulize chochote. Niachie mimi."

Mumbi aliipigia wodi simu papo hapo, kubadilisha zamu ya Alhamisi.

Jumamosi, 9 Novemba

Nina mbinu yangu, ya miaka mingi. Sigombi, sitishi. Namwambia mtoto kwamba nimeitwa, kisha nanyamaza. Mwenye kosa hawezi kuuvumilia ukimya.

Asubuhi nilimwambia Wangeci: "Mwalimu wako ametuita, mimi na mama yako. Alhamisi."

Aliacha kutafuna. Sikusema zaidi. Siku nzima sikusema zaidi.

Jumapili, 10 Novemba

Tulikuwa tunapika chapati, yeye akikanda, mimi nikisukuma. Mumbi alikuwa kazini. Chapati ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu nikamwona anakandamiza unga kwa ngumi, machozi yakidondokea mle mle.

"Baba, mwalimu amewaambia?"

"Wewe unaonaje?"

"Amewaambia kuhusu Lorraine."

Sikujibu. Mungu anisamehe, nilikuwa bado nafuata mbinu.

"Hakuna Lorraine, Baba. Yaani yuko, lakini hanijui. Nililiona jina lake kwenye ndoano ya kutundikia makoti. Iko juu ya yangu."

"Na mbwa?"

"Nilimtunga."

"Na ile chevda?"

"Nilikula. Pale ukutani nyuma ya jikoni ya shule. Kuna mahali hewa ya moto inatoka. Huwa nasimama hapo mpaka kengele."

Kila siku. Tangu Septemba. Nilizima jiko, maana chapati ilikuwa imeanza kuungua na sikuwa naiona.

"Kwa nini hukutuambia, mama?" Nikimbembeleza ndivyo ninavyomwita, kwa kuwa amebeba jina la mama yangu mzazi.

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Niliwasikia. Siku ile ya kwanza, nikiwa kwenye kochi. Mlisema nikikosa kuzoea, sisi tunarudi na Mama anabaki. Mkasema mimi ndio nitaamua." Alijifuta pua kwa mkono wenye unga. "Sasa nikaamua. Mama asibaki peke yake tena."

Niliketi sakafuni. Miaka kumi na minane nimesikiliza watoto wakikiri mambo: wizi, uongo, matusi ukutani. Kila mara mtoto akimaliza kukiri mimi nilijua la kusema, maana maneno yalikuwa tayari kabla hajaingia ofisini. Leo sikuwa na hata moja. Nilimvuta, tukakaa hapo chini, unga kila mahali, mpaka Bi. Bhanu akapaza sauti kutoka ngazini kuuliza ni nini kinaungua.

Jumatatu, 11 Novemba

Nilimwambia Mumbi tulipokuwa tunatembea kwenda kituo cha basi. Hakulia. Alikasirika, na hasira yake ilikuwa ya haki.

"Tumempa mtoto wa miaka tisa kura, Kamande. Wazazi wazima, tukajificha nyuma yake. Wewe ulikuwa unaogopa kuiacha kazi yako, mimi nilikuwa naogopa kukuomba uiache. Tukasema Wangeci ataamua!"

"Nilidhani ni kumheshimu."

"Haki, ungemheshimu kwa kumwacha awe mtoto."

Basi lake likaja baada ya dakika nne, kama lilivyosema.

Jumanne, 12 Novemba

Nimemwambia Wangeci hana kosa kwetu. Aliitikia kwa kichwa. Lakini Alhamisi bado ipo, na shule haijui kusamehe kama mzazi. Kama wameligundua, wanaliitaje huku? Uongo? Utoro wa mapumziko? Sijui sheria zao.

Jumatano, 13 Novemba

Nilipokuwa napiga suti yangu pasi, Bi. Bhanu alipita.

"Mwalimu, nani amekufa?"

"Hakuna, Mama. Tuna mkutano."

"Iko shida ya karatasi? Viza?"

Nikasema hapana. Nilishindwa kumwambia nimeitwa shuleni. Umri wangu huu!

Alhamisi, 14 Novemba

Tulifika dakika ishirini mapema. Mimi suti na tai, Mumbi gauni lake la kanisani, lile la kola nyeupe. Wangeci tulimwacha kwa Bi. Bhanu. Njiani nilikuwa nimeandaa hotuba. Ningekubali makosa yote kwa niaba ya mtoto, niombe asifukuzwe, nieleze ugeni. Nimewahi kuzisikia hotuba hizo nikiwa upande wa pili wa meza. Ya mtu anayetetemeka kidogo ndiyo humgusa mwalimu zaidi, na leo sikuhitaji kujilazimisha kutetemeka.

Tulifungua mlango wa ukumbi. Watu wamejaa! Wazazi sitini, labda zaidi. Baba mmoja kavaa kaptula katika baridi ile. Mama mmoja anasukuma kitoto ndani ya kigari huku anakula biskuti. Watu wanakunywa chai, wanacheka, wanapiga picha michoro ya watoto ukutani.

Mumbi aliniminya mkono. "Kwani wote wamefanya makosa?"

"Labda ni darasa zima," nikasema. "Labda kuna kitu kimeungua."

Nilimwuliza yule wa kaptula, kwa sauti ya chini kama tunavyoulizana matangani, mwanawe amefanya nini. Akanitazama, akatazama tai yangu, kisha akacheka kwa upole kabisa. Jina lake Paresh. Alinieleza kwamba hivi ndivyo wanavyofanya kila muhula. Kila mzazi anaitwa, kila mtoto anazungumziwa, mwenye sifa na asiye na sifa. Hakuna kesi.

Nilitafuta kiti, na viti vilivyokuwepo vilikuwa vya watoto wa miaka mitano, nikakaa hivyo hivyo, magoti karibu na kidevu. Mumbi aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, nami sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoondoa mkono. Alikuwa anacheka. Miezi yote hii sikuwa nimemsikia akicheka namna hiyo, na watu wakageuka, na sisi hatukujali.

Zamu yetu ilifika. Bridget alifungua madaftari ya Wangeci. Hesabu safi. Kusoma kunapanda. Ni mtulivu, ni mwenye adabu, ni furaha kuwa naye darasani. Alisema hivyo, furaha. Nikasubiri "lakini." Mwalimu yeyote ana "lakini" yake. Akauliza kama tuna swali.

Hapo ningeweza kuondoka. Kesi haikuwepo. Nilimtazama Mumbi, naye akanikazia macho kunihimiza, kwa hiyo nikamwambia Bridget yote: ukuta, hewa ya moto, ndoano ya makoti, na sababu yake. Sikutoa ile hotuba. Nilizungumza kama baba wa mtu.

Bridget aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nywele zake. Alisema wiki mbili za kwanza alikuwa amempa Wangeci msichana wa kumwongoza, anaitwa Miska, lakini Wangeci mwenyewe alikuja akamwambia kwa tabasamu kwamba hahitaji tena, kwamba amezoea. "Nami nilimwamini," alisema. "Samahani. Nilipaswa kwenda kutazama uwanjani." Mwalimu aliniomba samahani. Nimefundisha muda wote huo na sikumbuki kama nimewahi kumwomba mzazi samahani.

Alisema kesho ataanza upya na Miska, taratibu, bila kumtangaza mtoto mbele ya wenzake. Dakika zetu zilikuwa zimepita kumi. Hakutuharakisha.

Nje palikuwa na giza na manyunyu. Tulisimama kando ya lango, kwenye uzio ule ule ninaosimama kila siku, na Mumbi akanigeukia.

"Sasa sema wewe. Si mtoto. Wewe, mtu mzima, unataka nini?"

"Nataka kubaki," nikasema, na nilishangaa jinsi lilivyotoka haraka. "Nataka kula chakula cha jioni na wewe umeketi. Na sitaki kurudi kuandika zile barua."

"Na kazi yako?"

"Itanisikitisha. Na iwe hivyo."

Alinishika tai, akaivuta kidogo, akairekebisha. "Mimi nilitaka kukuomba," alisema. "Tangu Agosti nilitaka kukuomba."

Tulipofika nyumbani, Wangeci alikuwa jikoni kwa Bi. Bhanu, mkono kwenye bakuli la njugu, macho yakihama kutoka kwetu kwenda mlangoni na kurudi, kama mtu anayengoja askari. Mumbi aliinama mbele yake bila kuvua koti.

"Sikiza. Hujafanya kosa. Mwalimu anakusifu. Na sisi tumeamua, mimi na Baba: tunabaki hapa, sote watatu. Ukipenda shule, tunabaki. Ukiichukia, tunabaki. Hakuna mtu anaachwa. Umeskia?"

"Hata nikikosa rafiki?"

"Hata ukikosa."

"Hata nikiichukia kabisa kabisa?"

"Ichukie vile unataka," nikasema. "Una ruhusa yangu, kwa maandishi ukihitaji."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu, akihakikisha. Kisha akalia kilio kile cha mtoto mdogo, cha mdomo wazi, alichokuwa amekiweka tangu Agosti. Bi. Bhanu, ambaye hakuelewa kitu, alianza kulia pia, huku akiuliza, "Lakini nani amekufa?"

Jumatatu, 18 Novemba

Nimepeleka barua ya kuacha kazi. Mistari minne. Nilikaa juu yake saa nzima kisha nikatoka nikatembea mpaka stesheni na kurudi. Naumia, sitajidanganya. Nilikuwa mtu mkubwa kule.

Nimemwandikia Collins pia. Nilimkumbusha yule mama wa Ragati aliyekuja kwa miguu na kichanga mgongoni, nikamweka kwenye benchi nje ya ofisi asubuhi nzima ili aonje uzito wa kuitwa. Mwanawe alikuwa amechora chaki ukutani. Nilimwomba Collins, akikaa kwenye kile kiti, aite mzazi mmoja kila wiki amwambie jambo jema la mwanawe, kisha amwache aende zake.

Alhamisi, 21 Novemba

Collins amejibu: "Mwalimu, hiyo baridi imekuingia kichwani?" Baada ya saa moja akaongeza: "Nianze na nani?"

Ijumaa, 29 Novemba

"Ilikuwaje?"

"Si mbaya. Miska anaongea sana."

Nilimwona huyo Miska kwa macho yangu. Yuko, ana miwani, na kweli anaongea sana. Paresh alinipungia mkono kutoka upande wa pili wa lango. Nikaenda kusimama naye.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua. Nimesahau kuandika.

Jumatano, 11 Desemba

Leo Wangeci alitoka langoni amekunja uso, begi likiburutwa chini. Sikuuliza kitu. Hakuningoja niulize.

Viazi vya mchana vilikuwa vibichi. Miska amekataa kukaa naye kwa sababu ya mzozo wa kifutio. Mvulana mmoja amesema anaongea kama redio. Bridget amewafanya wakimbie nje na mvua inanyesha. Soksi zimelowa. Giza linaingia kabla mtu hajafika kwao, na huu ni mji wa watu gani usiokuwa na jua? Alieleza hayo kuanzia lango la shule mpaka kwenye kona, na kutoka kwenye kona mpaka mlangoni, mikono ikienda huku na huku, na mbele ya duka la unga alisimama kabisa ili alisemee vizuri lile la mwisho: "Naichukia hii shule!" Mzee aliyekuwa anatoka dukani aliruka.

Nikambebea begi.

Mumbi alikuwa na siku ya mapumziko. Alikuwa mezani, ameketi, anakula. Wangeci alimpita moja kwa moja kwenda kuvua soksi.

"Ana nini?" aliniuliza kwa kunong'ona.

"Anaichukia shule."

"Amekuambia?"

"Ameniambia. Barabarani, kwa sauti, watu wakisikia."

Mumbi aliweka kijiko chini, akafumba macho.

"Asante Mungu," alisema, akamwita mtoto aje amweleze yote tena, kuanzia mwanzo.